Gitaa la umeme kwa vipande vya kuagiza: je, hivi vitaingiliana?

nyuzi6

Habari wakuu. Nataka kuunga gitaa la umeme la mtindo wa Stratocaster kwa vipande vya kuagiza, kila kimoja na muuzaji wake. Kabla sijalipa naomba mnikagulie orodha:

- Bodi: mbao ya alda, unene 45 mm, haijapakwa kitu. Imechimbwa nafasi ya pikapu (vinasa sauti ya nyuzi) tatu na tremolo (briji inayoyumba), ila matundu ya skrubu za shingo na za briji (kinachoshika nyuzi kwenye bodi) hayajatobolewa.
- Shingo: mepli yenye ubao wa vidole wa rozwudi, freti (vijiti vya chuma kwenye ubao huo) 22, skeli (urefu wa uzi kutoka nati hadi briji) 648 mm, nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa) 42 mm. Kitakoni haijatobolewa. Matundu ya funguo 10 mm.
- Funguo za kukazia nyuzi za mtindo wa zamani, maelezo yanasema zinataka tundu la 8.5 mm.
- Briji ya tremolo ya skrubu sita, kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita 56 mm.
- Pikapu tatu za koili moja, poti (vidhibiti vya sauti na toni) tatu za kilo-ohmu 500, swichi ya hatua tano, kapasita iliyoandikwa 223.
- Pikigadi (bamba linalobeba pikapu na poti) ya matundu 11.

Vitaingiliana? Na kipi kinatangulia, kutoboa au kupaka? Vifaa nilivyonavyo ni drili ya mkono, multimita na chuma cha lehemu cha wati 25.

kalipa_mkononi

Orodha si mbaya mkuu, lakini ina mambo matatu yatakayokusumbua, na moja hukuliandika kabisa.

Kwanza elewa kwamba neno "Stratocaster" kwenye tangazo halikuhakikishii chochote. Kinachoingiliana ni namba. Muulize muuzaji wa bodi upana na kina cha kiota (lile shimo linalopokea kitako cha shingo). Vipimo vya kawaida ni karibu 56 mm kwa 16 mm. Muulize muuzaji wa shingo upana na unene wa kitako. Unene wa kawaida ni 25 mm. Halafu umbo: kitako cha Stratocaster kina mwisho wa mviringo, cha Telecaster kimekatwa bapa. Cha mviringo ukikiweka kwenye kiota cha bapa kinaacha mianya kwenye pembe, na cha bapa kwenye kiota cha mviringo hakiingii hadi mwisho.

Skeli nayo inabebwa na shingo. Umeandika 648 mm, sawa, bodi za aina hii huchimbwa kwa hesabu hiyo. Asije mtu akakuuzia shingo ya 628 mm kwa kuwa ni nzuri na bei imeshuka. Isipokuwa imetengenezwa makusudi kwa bodi ya 648, utaifunga vizuri tu, kisha ugundue hakuna sadeli (kipande kinachobeba uzi kwenye briji) inayofika mahali pake na gitaa halitakaa kwenye tuni hata siku moja.

Sasa matatizo yenyewe.

Funguo. Tundu ni 10 mm, bushi (kipete kinachokaa tunduni) ya funguo za zamani ni 8.5 mm. Itacheza. Zipo bushi za kubadilishia, kwa nje 10 mm na kwa ndani 6.35 mm, ambao ndio unene wa mhimili wa funguo hizo. Agiza sita. Usijaribu kujaza tundu kwa gundi na vumbi la msasa, maana bushi inavutwa na uzi muda wote na itahama.

Briji. Kipimo cha 56 mm ni sahihi kwa mtindo wa zamani, ila kinabana. Kwenye nati ya 42 mm, nyuzi mbili za pembeni zinaachana kwa karibu 35 mm. Zikielekea briji ya 56 mm, zinapopita freti ya 22 zitakuwa zimeachana kwa karibu 50 mm. Shingo pale ina upana wa karibu 56. Unabaki na milimita 3 kila upande, na sehemu ya hizo imekatwa mshazari kwenye ncha ya freti. Inachezeka bila shida kama shingo iko katikati barabara. Ikihama milimita moja tu upande, uzi wa kwanza utaanza kuteleza nje ya ubao kila ukiuvuta. Briji ya 52.5 mm inakupa zaidi ya milimita 4 kila upande na inasamehe makosa. Kwa gitaa la kwanza ningechukua hiyo, lakini hakikisha pikapu nazo hazina sumaku zilizotawanyika kupita nyuzi.

Poti nawaachia watu wa umeme.

Ambalo hukuliandika ni urefu wa bloku, lile pande la chuma chini ya tremolo. Bodi ya 45 mm inapokea bloku ndefu ya milimita 40 na kitu. Bodi nyingi za bei rahisi zina 40 mm, na humo bloku ndefu inatokeza mgongoni. Wewe uko salama kama kweli bodi ni 45. Ikifika, pima kwanza.

Na vitu vidogo vinavyosahauliwa: skrubu nne za shingo za 4.2 × 45 mm na bati lake, springi za tremolo na kucha yake (chuma kinachozishika ndani ya bodi), jeki ya mono na bati lake, vifungo vya mkanda, kishikizo cha nyuzi cha kichwani. Nati yenyewe pia, kwa kuwa shingo nyingi huuzwa na mfereji mtupu.

mbao_na_msasa

Kutoboa kunatangulia, kupaka kunafuata. Unga gitaa zima likiwa mbao tupu, lifunge nyuzi mbili za pembeni, hakikisha limekaa, kisha ulifungue lote ndipo upake. Ukipaka kwanza, drili ikiteleza mara moja unaanza upya.

Tukianza na shingo. Matundu manne ya bodi yawe 4.5 mm, ili skrubu ipite bila kung'ata mbao ya bodi. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Skrubu iking'ata bodi na shingo kwa pamoja, mwanya uliokuwepo kati yake unabaki hivyo hivyo hata ukaze hadi mkono uume. Skrubu inatakiwa ing'ate shingo tu na kuivuta chini.

Matundu ya kitakoni: biti ya 3.2 mm, kwa sababu mepli ni ngumu. Kina chake usikikisie, kipigie hesabu. Bodi 45 ukitoa kiota 16 inabaki mbao ya 29 mm. Ongeza bati la karibu milimita 1.5. Skrubu ya 45 inabakiza karibu milimita 15 za kuingia shingoni. Toboa 16, funga utepe wa karatasi kwenye biti kama alama, uishie hapo. Kitako kina 25 mm kwa jumla, ukizembea unatokea kwenye ubao wa vidole. (Bodi ikigeuka kuwa ya 40 mm, skrubu hiyo hiyo itaingia 20. Nunua fupi.)

Ila usitoboe kitako kabla ya kupanga mstari. Bana shingo kwenye kiota kwa klampu na kipande cha mbao laini juu ya freti. Weka briji mahali pake, funga uzi mwembamba wa kushonea kutoka mfereji wa kwanza wa nati hadi sadeli ya kwanza, na mwingine wa sita hadi ya sita, uvute mpaka ukakamae. Angalia nafasi kati ya uzi na ukingo wa shingo kwenye freti ya mwisho, pande zote mbili. Zikilingana, ingiza biti ya 4.5 kupitia matundu ya bodi uguse kitako kidogo tu kuweka alama. Toa shingo, toboa kwa 3.2.

Urefu sasa. Kutoka nati hadi freti ya 12 ni 324 mm. Kutoka freti ya 12 hadi sadeli ya uzi wa kwanza iwe 324 pia, huku sadeli hiyo ikiwa karibu na mwisho wa mbele wa skrubu yake, imebakiza milimita 2 au 3 za kusogea. Sadeli ya sita itakaa nyuma ya ile ya kwanza kwa milimita 3 au 4, kwa hiyo njia yote ya ziada unaihitaji nyuma. Ukiweka sadeli katikati ya safari yake ndipo utoboe, uzi mnene utakosa pa kwenda. Kabla ya kutoboa pia hakikisha bloku ina nafasi ya kuyumba ndani ya shimo lake. Skrubu za briji kwenye alda zinataka tundu la 2.5 mm.

Vile viskrubu vidogo vya funguo ndivyo vinavyoua furaha. Vina milimita 2 hivi na vinakatika kichwa ndani ya mepli. Tundu la 1.6 mm, paka nta ya mshumaa (sabuni inavuta unyevu na kuleta kutu), ingiza robo mzunguko, rudisha kidogo, endelea. Ukiona inazidi kuwa ngumu, usilazimishe. Itoe, panua tundu.

Kupaka: msasa namba 120, 180, 240, 320, ukifuata nyuzi za mbao. Alda haihitaji kujazwa vinyweleo. Eshi na mahogani zinahitaji. Vanishi ya kupaka kwa kitambaa ndiyo rahisi zaidi kwa asiye na bomba la kupulizia: koti tano au sita nyembamba, siku moja kati ya koti na koti, na msasa wa 400 kidogo katikati. Ziba kiota kwa utepe, rangi isiingie. Nyuma ya shingo ya mepli lazima ipakwe, la sivyo inanyonya unyevu na kupinda. Ubao wa rozwudi usiuguse. Na kama utatumia mafuta ya kitani au ya tung, vitambaa vyake usivikunje ukavitupa kwenye ndoo. Vinajipasha moto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze vikauke, au vizamishe ndani ya maji.

nyuzi6

Nashukuru sana. Muuzaji wa shingo amejibu: kitako kina upana wa 56.2 mm. Wa bodi anasema kiota ni 55.9. Niache? Au nipige msasa kitako kidogo?

mbao_na_msasa

Chukua. Tofauti ya 0.3 mm ni afadhali kuliko kiota kikubwa. Ila msasa upige ukutani mwa kiota, usiuguse ubavu wa shingo. Ubavu wa kitako unaonekana na mkono unaugusa. Ukuta wa kiota unafichika.

Chukua kipande cha mbao kilichonyooka, chenye pembe mraba, ubandike msasa wa 180 upande mmoja tu. Sugua kuta mbili kwa zamu, mapito matano huku, matano kule, kisha jaribu shingo. Ukisugua ukuta mmoja peke yake unausogeza mstari wa katikati, na kalipa ameshakuambia milimita moja inagharimu nini. Acha mwanya kidogo kama utapaka vanishi nzito, maana inaongeza unene kwenye mdomo wa kiota. Shingo ikiingizwa kwa nguvu hapo inapasua vanishi kwenye pembe. Kipimo: shingo iingie kwa kusukuma kwa kidole gumba, na ukiinua gitaa kwa shingo bila skrubu bodi ining'inie kidogo kabla ya kuachia. Fanya hivyo juu ya kitanda, tafadhali.

Chini ya kiota usisugue. Pale ndipo pembe ya shingo inapotokea.

lehemu_safi

Kwa upande wa umeme.

Poti za 500 ni za hambaka (pikapu za koili mbili). Pikapu za koili moja zinataka 250. Ukitumia 500 sauti ya juu inabaki nyingi, na uzi wa kwanza unakuwa kama unakata bati. Badilisha zote tatu. Kapasita 223 ni nanofaradi 22, inafaa. Ya 473 ni 47 na inafunika zaidi ukizungusha toni. Usilipie zaidi kwa volti kubwa, hapa hakuna volti za maana.

Wakati unabadilisha poti, angalia mhimili. Poti za kipimo cha inchi zina shingo ya 9.5 mm na meno 24 kwenye mhimili. Ndogo za milimita zina shingo ya 7 au 8 mm na meno 18. Pikigadi na vifundo vyako lazima vifuate aina moja. Kifundo cha meno 18 kwenye mhimili wa meno 24 hakikai, na ukikilazimisha kinapasuka.

Chuma cha wati 25 kinatosha kwa swichi na jeki. Mgongoni mwa poti hakitoshi. Kinakaa pale sekunde 15 bila lehemu kutiririka, na muda wote huo joto linapika utepe wa kaboni ndani. Tafuta cha wati 60 chenye ncha pana. Kwaruza mgongo wa poti kwa msasa, weka lehemu kidogo kwanza, kisha waya. Sekunde 3 zinatosha. Kucha ya springi ni pande kubwa zaidi la chuma, ilehemu ikiwa nje ya gitaa.

Kabla ya kulehemu pikapu, zijaribu mwelekeo. Unganisha nyaya mbili za pikapu kwenye multimita iliyo kwenye kilo-ohmu, subiri namba itulie, lalisha bisibisi ya chuma juu ya sumaku kisha uinyanyue ghafla. Namba itaruka juu au chini kwa muda mfupi. Zote tatu ziruke upande mmoja kwa mpangilio ule ule wa nyaya. Inayokwenda kinyume, badilishana nyaya zake mbili. Usipofanya hivi, hatua ya pili au ya nne ya swichi itatoa sauti nyembamba ya puani, isiyo na besi. Pikapu zikiwa za seti moja, ya katikati mara nyingi imesukwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa. Hiyo itafaulu jaribio hili na juu yake itafuta mvumo kwenye hatua hizo mbili.

Ukimaliza, usikimbilie amplifaya. Chomeka kebo kwenye jeki, pima ncha na shina upande wa pili, sauti ikiwa juu kabisa. Pikapu ya kilo-ohmu 6 itasoma karibu 5.9. Hatua ya pili na ya nne zitasoma karibu nusu, yaani 3, kwa kuwa pikapu mbili ziko sambamba. Ukisoma 0, waya wa moto umegusa ethi, na mara nyingi ni ncha ya jeki iliyogusa foili ya shaba ndani ya shimo. Ukisoma karibu 250, pikapu haijafika kwenye poti. Unasoma poti yenyewe.

Foili ya shaba bandika kuta zote za shimo na mgongo wa pikigadi, vipande vipandane, na gundi yake iwe ya kupitisha umeme, vinginevyo kila kipande ni kisiwa. Unganisha na ethi mahali pamoja. Koili moja itaendelea kuvuma kidogo karibu na transfoma hata ufanye nini. Foili inapunguza mlio wa taa na simu.

Jaribio la mwisho: gusa nyuzi. Mvumo ukipungua, waya wa kucha uko sawa. Ukiongezeka, umegeuza nyaya za jeki.

freti_saba

Naongeza kuhusu kurekebisha, maana hapo ndipo watu husema vipande vilikuwa vibovu.

Seti ya nyuzi ya 10–46 (unene wa inchi 0.010 hadi 0.046) kwenye skeli hii inavuta kwa karibu kilo 46. Shingo mpya iache na mvuto huo usiku mmoja kabla ya kugusa chuma chake cha ndani (kinachorekebisha upinde wake). Kisha fuata mpangilio huu, usiuvuruge: upinde wa shingo, kimo cha nyuzi, nati, sadeli mbele na nyuma, pikapu mwisho.

Upinde: bana uzi wa sita freti ya 1 na ya mwisho, angalia mwanya kwenye freti ya 7 au ya 8. Robo ya milimita. Mwanya ukizidi, kaza chuma hicho kulia robo mzunguko, tuni upya, pima tena. Kimo kwenye freti ya 12: 1.8 mm uzi mnene, 1.5 mwembamba. Kwa nati, bana uzi kati ya freti ya 2 na ya 3. Juu ya freti ya 1 ubaki mwanya wa unene wa karatasi. Uzi ukilala kabisa pale, mfereji umechimbwa kupita kiasi.

Tremolo ikielea, ukingo wa nyuma wa briji uwe juu ya bodi kwa milimita 3, springi tatu. Kila ukigusa skrubu za kucha, tuni yote inahama.

Sadeli zikifika chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, tatizo ni pembe ya shingo. Weka kabari chini ya kitako, upande unaoelekea briji ukiwa mnene. Kabari ya mbao inayojaza kiota chote ni bora kuliko kipande cha kadi ukingoni, kwa kuwa kadi inaacha uwazi katikati na kitako kinaweza kupinda humo, freti za mwisho zikainuka.

Pikapu usizipandishe mno. Uzi ukibanwa freti ya mwisho, acha 2 mm upande wa besi na 1.6 upande wa pili. Sumaku zikikaribia zaidi zinavuta uzi, noti inayumba kama imelewa, nawe utahangaika na sadeli bure.

nyuzi6

Swali moja la mwisho: kwenye sadeli, noti ya freti ya 12 ikiwa juu kuliko harmoniki (sauti ya uzi ukiguswa kidogo bila kubanwa) ya hapo hapo, narudisha nyuma au naleta mbele?

freti_saba

Nyuma. Uzi ni mfupi mno. Legeza uzi kwanza ndipo usogeze, skrubu za sadeli zinaliwa meno zikizungushwa chini ya mvuto. Na tumia nyuzi mpya. Za zamani zinadanganya.